Mguu Usiosikia: Jinsi Mishipa ya Fahamu Inavyoulinda Mwili

Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa wadi ya Rhonda, Nakuru Mjini Magharibi



Mazungumzo ya leo yanaanzia kwenye jiko la makaa. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai baridi yake haina huruma. Ndiyo maana jioni watu hukaa karibu na moto bila kufikiri mara mbili.

Chukueni mfano wa wanawake wawili wanaochoma mahindi kando ya barabara moja. Wote wamesimama tangu asubuhi. Wote wamevua viatu na kunyoosha miguu karibu na jiko. Kaa la moto linadondoka na kugusa kidole cha mguu. Mwanamke wa kwanza anauvuta mguu wake kabla hata hajasema "uwi!" Wa pili hasikii kitu. Anaendelea kugeuza mahindi, anapokea pesa, anarudisha chenji. Usiku, anaponawa, mtoto wake anamwambia: "Mama, mbona mguu wako umechubuka?"

Huyo wa pili hakumzidi mwenzake ujasiri. Tofauti ni moja tu: mjumbe aliyepaswa kutoka kwenye kidole kwenda kutoa habari amekufa njiani. Na mguu usio na mjumbe ndio unaoweza kumfanya mtu akatwe kiungo kwa sababu ya jeraha ambalo lingepona kwa wiki mbili.

Wajumbe wa mwili

Mwili wa binadamu una mtandao wa mishipa ya fahamu, ambayo wauguzi huiita neva. Mishipa hii si ile ya damu. Ni kama nyuzi nyembamba zinazotoka kwenye ngozi, misuli, viungo na matumbo, zikaingia kwenye uti wa mgongo, na habari zake zikapanda hadi kwenye ubongo. Uzi mmoja unaotoka mgongoni kwenda kwenye kidole cha mguu unaweza kufika urefu wa mita moja, na ni sehemu ya chembe moja tu ya uhai.

Mwisho wa nyuzi hizo, chini ya ngozi, kuna vipokezi. Kila kipokezi kina kazi yake. Kuna vya mguso mwepesi, kama inzi anapotua mkononi. Kuna vya kukandamizwa, vya mtetemo, vya joto, vya baridi, na vya maumivu. Kipokezi kikiguswa, hubadilisha mguso huo kuwa umeme mdogo, na umeme huo ndio habari inayosafiri.

Habari hizo hazisafiri kwa mwendo mmoja. Nyuzi nene za mguso, zenye utando wa mafuta kama ganda la waya wa stima, hupeleka habari kwa kasi ya zaidi ya mita 50 kwa sekunde. Nyuzi nyembamba za maumivu, zisizo na utando huo, hutembea kama mtu anayekwenda sokoni bila haraka, takriban mita moja kwa sekunde. Hilo kila mtu amewahi kuliona mwenyewe. Ukijigonga kidole cha mguu kwenye mguu wa kitanda, kwanza unasikia mchomo mkali. Kisha, kama baada ya sekunde moja, yanakuja yale maumivu mengine, ya kuwaka na kuvuma, yanayokufanya ukae chini. Hao ni wajumbe wawili: mmoja alikuja mbio, mwingine alikuja polepole.

Mwanamke wa kwanza aliuvuta mguu wake kabla ya kusikia uchungu kwa sababu uti wa mgongo hausubiri ruhusa ya ubongo. Habari ya hatari ikifika mgongoni, amri hurudi papo hapo kwenye misuli: ondoa mguu. Ubongo huarifiwa baadaye. Ni kama mlinzi wa lango anayefunga mlango kwanza, kisha ndipo anampigia simu mwenye nyumba.

Somo la pilipili

Kwa muda mrefu watu walijua kwamba moto huunguza na pilipili huwasha, lakini hawakujua kipokezi chenyewe ni kipi. Mwaka 1997 mwanasayansi David Julius wa Marekani na wenzake walitumia kile kiini kinachoifanya pilipili iwashe wakatafuta mlango wake kwenye neva. Wakaupata. Na walipoupima, wakakuta mlango huohuo hufunguka pia joto likipita nyuzi 43 hivi, kiwango ambacho mwili huanza kukisikia kama maumivu.

Kwa hiyo mtu anapokula pilipili na kusema mdomo unawaka moto, hasemi uongo. Mlango wa moto umefunguliwa kweli, ingawa moto haupo. Na ndiyo sababu maji hayasaidii sana lakini maziwa husaidia: kile kiini cha pilipili huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Kikombe cha maziwa lala kinafanya kazi ambayo jagi la maji haliwezi.

Mwanasayansi mwingine, Ardem Patapoutian, aliyezaliwa Beirut nchini Lebanoni na kufanya kazi Marekani, aligundua pamoja na wenzake vipokezi vinavyofunguka chembe inapokandamizwa. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2010. Mwaka 2021 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba. Jambo la kukumbuka ni hili: kuhisi si kitu cha hivihivi. Ni kazi inayofanywa na vyombo halisi ndani ya mwili, na chombo chochote kinaweza kuharibika.

Milango si mitano tu

Shuleni watoto hufundishwa milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Lakini mwili una mingine ambayo watu wengi hawaijui kwa sababu hufanya kazi kimyakimya.

Mmoja ni ule unaomwambia mtu viungo vyake viko wapi. Funga macho, nyoosha mkono, kisha gusa pua yako. Utaipata bila kuitazama. Ndani ya misuli na viungo kuna vipokezi vinavyopima mvuto na kupinda kwake kila wakati. Nchini Uingereza kuna mtu aitwaye Ian Waterman ambaye mwaka 1971, akiwa na miaka 19, aliugua na kupoteza hisia ya mguso na ile ya kujua viungo vyake viko wapi, kuanzia shingoni kwenda chini. Misuli yake haikupooza, lakini hakuweza kusimama. Ilimbidi ajifunze upya kutembea kwa kutazama miguu yake kwa macho. Taa zikizimwa ghafla, huanguka.

Hapa Rhonda jambo hilo lina maana yake. Udongo wa upande huu wa Nakuru ni wa majivu ya volkano, na mvua kubwa ikinyesha ardhi huweza kupasuka na kutitia. Mtu ambaye neva za miguu yake zimechoka hutembea vizuri mchana kwa sababu macho yanamsaidia. Usiku, kwenye kichochoro kisicho na taa, anayumba kama mlevi ingawa hajanywa. Majirani wasimcheke. Huenda ni ugonjwa unaojitokeza.

Mlango mwingine ni wa ndani kabisa. Kwenye mishipa mikubwa ya damu shingoni na kifuani kuna vipokezi vinavyopima shinikizo la damu. Mtu akisimama kutoka kitandani, ndivyo vinavyouarifu ubongo ili moyo uongeze nguvu na kichwa kisikose damu. Vingine huarifu kwamba kibofu kimejaa, tumbo limeshiba, au moyo hauna hewa ya kutosha. Neva hizo zikiharibika, mtu husikia kizunguzungu kila anaposimama. Na lililo baya zaidi, anaweza kupata shambulio la moyo bila yale maumivu ya kifua, akadhani ni uchovu tu.

Sukari inavyoua wajumbe

Kinachoharibu neva mara nyingi zaidi ni ugonjwa wa kisukari. Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka, huharibu neva zenyewe, na huharibu pia mishipa midogo ya damu inayozilisha. Neva ndefu ndizo huumia kwanza kwa sababu ziko mbali zaidi. Ndiyo maana ganzi huanzia kwenye vidole vya miguu, ikapanda taratibu hadi kwenye kifundo na muundi, kama soksi inayovutwa juu. Baadaye huweza kufika kwenye vidole vya mikono.

Kabla ya ganzi kamili, wengi husikia miguu ikiwaka moto usiku, au kuchomwachomwa kama na sindano, au kama wanatembea juu ya mchanga. Neva inayokufa hupiga kelele kabla ya kunyamaza. Kelele zikiisha, mgonjwa hufurahi, akidhani amepona. La hasha. Huo ndio wakati wa hatari zaidi.

Na hapo ndipo watu wengi hufanya kosa. Miguu ikiwa na ganzi au baridi, wanaiingiza kwenye beseni la maji ya moto. Mguu hausikii kwamba maji yanaunguza. Ngozi inatoka malengelenge, malengelenge yanakuwa kidonda, na kwa kuwa sukari nyingi hudhoofisha nguvu za mwili za kupigana na vijidudu, na damu haifiki vizuri, kidonda hakiponi. Vijidudu vinaingia hadi kwenye mfupa. Mwisho wake ni meza ya upasuaji.

Ushahidi kwamba ganzi yenyewe ndiyo adui ulipatikana kwa wagonjwa wa ukoma. Ukoma nao hushambulia neva. Daktari Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore nchini India mwaka 1946, alikuta watu wakiamini kwamba ukoma unakula vidole. Akachunguza na kuona kwamba vidole havikuliwa na ugonjwa. Vilipotea kwa sababu mgonjwa alishika sufuria ya moto bila kujua, alitembea na msumari kwenye kiatu, na usiku panya walimtafuna vidole akiwa amelala bila kuhisi. Wagonjwa walipopewa paka wa kufukuza panya, na kufundishwa kuchunguza mikono na miguu yao kila siku, vidonda vilipungua. Hapa Kenya, hospitali ya Alupe katika Busia ilihudumia wagonjwa wa ukoma kwa miaka mingi. Leo ukoma unatibika kwa vidonge, lakini somo lake linabaki kwa wagonjwa wa kisukari: palipokosekana uchungu, macho ndiyo yachukue kazi ya mlinzi.

Sababu nyingine za ganzi

Si kila ganzi ni kisukari. Unywaji wa pombe kwa wingi na kwa miaka huharibu neva. Pombe haramu iliyotiwa methanoli ni mbaya zaidi, kwa kuwa hushambulia neva ya jicho: mwaka 2000 mjini Nairobi watu zaidi ya 100 walifariki baada ya kunywa pombe ya aina hiyo, na wengine waliopona walibaki vipofu.

Dawa mojawapo ya kifua kikuu, isoniazidi, inaweza kuleta ganzi, na ndiyo sababu wagonjwa hupewa pia vitamini B6. Anayetumia dawa hizo asiache hiyo vitamini akidhani ni ya ziada. Virusi vya Ukimwi navyo huweza kudhuru neva. Ukosefu wa vitamini B12 pia huleta ganzi, na waliotumia metformini kwa miaka mingi wanaweza kuipungukiwa. Wao wasiache dawa. Wamwambie daktari ili wapimwe.

Ganzi si uzee tu, wala si kurogwa, wala si "baridi iliyoingia kwenye mifupa." Ina sababu inayoweza kutafutwa.

Kipimo cha nyumbani

Kuna kipimo rahisi kilichoanzia mji wa Ipswich, Uingereza, ambacho hakihitaji kifaa chochote. Mgonjwa hulala na kufumba macho. Mtu wa nyumbani humgusa kwa ncha ya kidole chake, kwa wepesi, sekunde moja au mbili, bila kusukuma na bila kupapasa. Humgusa kidole gumba, kidole cha kati na kidole cha mwisho cha kila mguu, jumla vidole 6. Kila anapohisi mguso, mgonjwa hutaja ni mguu wa kulia au wa kushoto. Asipohisi kwenye vidole 2 au zaidi, aende kituo cha afya.

Huko mhudumu atatumia uzi maalumu unaopinda unapokandamizwa kwa uzito wa gramu 10. Mtu asiyehisi uzi huo kwenye wayo amepoteza hisia ya kumlinda.

Kipimo hicho hakichukui nafasi ya kupima sukari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu 88 kati ya kila watu wazima 100 nchini Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa sukari hata mara moja. Wengi hujua kwamba wana kisukari siku wanapofikishwa hospitalini na kidonda. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamekuwa wakipewa mikoba yenye kifaa cha kupima sukari na cha kupima shinikizo la damu. Anapobisha hodi, asirudishwe mlangoni. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 au zaidi, na kipimo kikirudiwa kikawa hivyohivyo, huo ni kisukari.

Mambo ya kufanya kila siku

Kwa yeyote mwenye kisukari au ganzi ya miguu, haya yafuatwe:

Achunguze miguu yake kila jioni, juu, chini na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama aweke kioo sakafuni, au mtoto au mjukuu amtazamie. Hiyo si aibu. Ni heshima mtoto kumtunza mzazi.

Maji ya kunawa yapimwe kwa kiwiko cha mkono, au na mtu mwingine asiye na ganzi, yasipimwe kwa mguu. Baada ya kunawa, akaushe vizuri katikati ya vidole.

Asitembee peku, hata ndani ya nyumba. Kabla ya kuvaa kiatu, akipige na kutia mkono ndani, kwani kijiwe kimoja au ncha ya msumari inatosha kuleta balaa.

Anayenunua viatu vya mitumba achore umbo la wayo wake kwenye kipande cha katoni akiwa amesimama, aende nalo sokoni. Katoni ikikunjika ndani ya kiatu, kiatu hicho kinambana, hata kama yeye hasikii. Na anunue jioni, wakati miguu imevimba kidogo.

Asikate sugu kwa wembe wala kutia dawa za kuunguza. Kucha zikatwe kwa kunyooka, zisichimbwe pembeni.

Asiweke miguu karibu na jiko, wala asilale na chupa ya maji ya moto miguuni.

Aache sigara, kwa sababu hubana mishipa ya damu ambayo tayari imedhoofika.

Akiona kidonda, lengelenge, weusi, uvimbe au joto kwenye mguu mmoja, aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama hakuna maumivu. Asingoje mpaka kiume, kwani huenda kisiume kamwe. Kidonda kikizidi uwezo wa kituo, atapewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti ya Nakuru, na kwenda mapema ndiko kunakouokoa mguu.

Neva iliyokufa kabisa hairudi kwa urahisi, na hakuna chupa ya dawa ya mtaani inayoweza kuirudisha. Lakini sukari ikidhibitiwa kwa chakula, mazoezi na dawa za hospitali, neva zilizobaki hulindwa, na mguu wenye ganzi unaweza kumbeba mwenyewe hadi uzeeni ukiwa mzima.

Turudi kwa yule mwanamke wa pili. Akifika kliniki kesho asubuhi, jeraha lake likasafishwa, akapimwa sukari na kufundishwa kuchunguza miguu, baada ya wiki chache atarudi kwenye jiko lake la mahindi, safari hii akiwa amevaa viatu na kukaa mbali kidogo na moto. Akingoja hadi mguu unuke, habari itakuwa nyingine. Watu wa Rhonda wameona ardhi ikipasuka na wanajua maana ya methali hii kuliko wengi: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, kila nyumba yenye mgonjwa wa kisukari iwashe taa na kumtazama miguu.